Mawimbi ya kimya kwenye tangi la matumbawe: pampu mbili za mwendo wa chini

Tumbawe ni mnyama asiyehama. Chakula kinamfuata kikielea, hewa inamfuata ikiwa imeyeyuka majini, na uchafu wake unaondoka ukisombwa. Kwa hiyo pampu za mawimbi kwenye tangi la matumbawe hazina mapumziko, zinafanya kazi usiku na mchana, mwaka mzima. Kelele yake utaishi nayo sebuleni, na umeme wake utaulipia kila mwezi. Hayo mawili yanatatuliwa kwa uamuzi mmoja, na ndio nitakaoueleza hapa hatua kwa hatua.

Sisi wa Arusha tuna jambo la ziada. Mji uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa huku ni takribani asilimia 85 ya ule wa Tanga. Maji ya chumvi yenye nyuzijoto 26, ambayo pwani yangebeba karibu miligramu 6.6 za oksijeni kwa lita, huku yanabeba kama 5.6 tu hata yakishiba kabisa. Moshi wako chini kidogo, wana nafuu, lakini nao hawajafika pwani. Miongozo mingi ya matangi imeandikwa na watu wanaokaa karibu na usawa wa bahari, na akiba ya oksijeni waliyo nayo wao sisi hatuna. Uso wa maji usiotikisika, ambao kwao ni kasoro ndogo, kwetu unaweza kuua samaki kabla hakujapambazuka.

Mfano wangu ni tangi la sentimita 120 kwa 50 kwa 50. Likijaa ni lita 300, ila ukitoa mawe, mchanga na nafasi ya juu unabaki na kama 250.

Hatua ya 1: Jua unahitaji maji kiasi gani

Kipimo kinachotumika ni mara ngapi kwa saa maji yote ya tangi yanasukumwa na pampu. Matumbawe laini yanaridhika na mara 15 hadi 25. Euphyllia na jamaa zake, wenye mikono mirefu inayopepea, mara 20 hadi 30. Acropora, matumbawe magumu yenye matawi, wanataka 40 na kuendelea, tena maji yanayobadilika mwelekeo. Kwa tangi la mchanganyiko chukua 30: lita 250 mara 30 ni lita 7,500 kwa saa.

Na kwa kuwa nimetaja Acropora: usiende kubandua matumbawe Tanga wala Mafia. Matumbawe magumu yamo katika orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe vya porini, na mwamba uliobanduliwa unahitaji miaka mingi sana kujijenga upya. Tafuta vipande vilivyooteshwa, vyenye karatasi zake.

Hatua ya 2: Nunua pampu mbili, kila moja kubwa kuliko unavyohitaji

Watu wengi hukosea hapa kwa sababu hesabu inaonekana kwenda kinyume. Ukihitaji lita 7,500, akili inakutuma ununue pampu moja ya lita 8,000 na uiendeshe kwa nguvu zote. Usifanye hivyo. Nunua mbili za lita 8,000 na uziendeshe kwa nusu mwendo.

Sababu ni hii. Propela ikipunguzwa mwendo kwa nusu, maji inayosukuma nayo yanapungua kwa nusu, lakini nguvu inayohitajika kuyasukuma inashuka hadi moja ya nane. Kwa hiyo pampu mbili za nusu mwendo zinatoa maji yaleyale ya pampu moja ya mwendo kamili, kwa robo ya nguvu. Mota na kontrola vina upotevu wao, kwa hiyo ukutani hutapata robo, utapata kama nusu. Pampu yangu iliyoandikwa wati 20 inakula kati ya wati 5 na 6 ikiwa nusu mwendo, na zote mbili hazifiki 12. Kelele inafuata mkondo huohuo, kama pangaboi: namba tano linavuma chumba kizima, namba mbili unasahau kwamba linazunguka.

Zote ziwe za umeme wa DC, volti 24, zenye kontrola yake. Pampu za zamani za AC zimefungwa kwenye mwendo wa umeme wa TANESCO, hetzi 50, kwa hiyo hazipunguziki, na mngurumo wake unapita kwenye kioo hadi kwenye kabati. Tena usijaribu kuzitengenezea mawimbi kwa kuziwasha na kuzizima na taima, rota zinapasuka.

Sasa weka kwenye LUKU. Pampu za AC zenye jumla ya wati 60 zinamaliza uniti 43 kwa mwezi. Ukilipa shilingi 350 na kitu kwa uniti, hiyo ni zaidi ya 15,000. Mbili za DC kwa wati 11 zinamaliza uniti 8, chini ya shilingi 3,000. Na kama uko kwenye kundi la matumizi madogo, lile lisilozidi uniti 75 kwa mwezi, uniti 43 za pampu ukijumlisha na matumizi mengine ya nyumba zinaweza kukutoa humo, na hapo nyumba nzima inapanda bei.

Kuhusu majina: Jebao ni za bei nafuu na zinaagizika kupitia Dar, mzigo unapandishwa kwa basi. Tunze ni ghali na zinadumu. VorTech za EcoTech zina mota nje ya kioo na propela ndani, zimeshikana kwa sumaku, kwa hiyo joto la mota haliingii majini. Kabla ya kulipa, pima unene wa kioo chako. Kila sumaku ina kikomo, na ikizidiwa, pampu inateleza na kuangukia matumbawe.

Hatua ya 3: Zifunge

Moja kulia, moja kushoto, juu kidogo ya nusu ya kina. Zisitazamane uso kwa uso. Moja ielekee kioo cha mbele, nyingine cha nyuma, ili maji yazunguke tangi zima. Uso wa propela uwe angalau sentimita 10 chini ya maji, vinginevyo itavuta hewa na kukohoa. Ile ya kushoto iinamishe juu kidogo mpaka uone uso wa maji umekunjamana upande mmoja hadi mwingine. Hiyo ndiyo pampu ya oksijeni, na katika hatua ya 6 ndiyo itakayopewa betri.

Tumbawe lolote lisiwe ndani ya sentimita 30 mbele ya propela. Mkondo wa moja kwa moja unachubua nyama na kuacha mfupa mweupe.

Kisha tafuta maji yaliyolala. Loweka chakula cha unga kidogo, kimimine mbele ya pampu, halafu pigia tochi kutokea ubavuni. Chembe zinazozunguka palepale au kutua nyuma ya mawe zinakuonyesha kona iliyokufa. Mara nyingi dawa si pampu ya tatu, ni kusogeza mawe sentimita 8 au 10 kutoka kioo cha nyuma ili maji yapate pa kupita.

Hatua ya 4: Winda kelele moja moja

Zima taa, zima runinga, weka sikio kwenye kioo. Sauti ya kugonga-gonga inatoka kwenye rota: ama imeingiwa na chembe ya mchanga, ama bushi imelika. Sauti ya kutetemeka inatoka pale sumaku inapokutana na kioo. Ongeza kipande cha mpira laini katikati. Sauti ya kunyonya ni hewa, shusha pampu. Mlio mwembamba unaobadilika ukigusa mwendo ni wa kontrola, na mara nyingi ukipandisha au kushusha hatua moja unatoweka. Mwisho kagua waya na adapta. Waya ukigusa ukingo wa kioo au kifuniko unakigeuza kuwa ngoma, na adapta iliyolala juu ya mbao inavuma. Ining'inize.

Waya ushuke chini ya soketi kisha upande tena kuingia, ili tone la maji ya chumvi lidondokee chini badala ya kufika kwenye plagi. Na soketi zote za tangi zipitie breka inayokata umeme ukivuja, ya miliampea 30. Maji ya chumvi yanapitisha umeme vizuri kuliko unavyodhani, na mkono wako unaingia humo kila wiki.

Hatua ya 5: Panga ratiba

Mchana ziachie zipokezane: moja kwa asilimia 55, nyingine 35, kisha zibadilishane kila baada ya saa chache. Kumbuka asilimia ya kwenye kontrola si lazima iwe asilimia halisi ya mwendo, kwa hiyo amini macho yako na kipimo cha wati.

Ukitaka wimbi la kweli, linalobembea tangi zima, tumia pampu moja kwa mapigo. Kila tangi lina mdundo wake unaotokana na urefu na kina. Kwa sentimita 120 na maji ya kina cha 45, wimbi linakwenda na kurudi kwa sekunde 1.3 hadi 1.4, yaani pampu isukume kama sekunde 0.7 na ipumzike 0.7. Anzia hapo, ongeza au punguza kidogo kidogo mpaka maji yainuke yenyewe. Sentimita moja au mbili za kupanda zinatosha. Zaidi ya hapo unachosha gundi ya silikoni na miguu ya kabati, na mimi sioni sababu ya kulitumia zaidi ya saa mbili kwa siku.

Usiku wengi hupunguza sana ili walale. Punguza ile ya kulia tu. Taa zikizima, matumbawe na mwani vinaacha kutoa oksijeni na kubaki vikiitumia tu, na alfajiri ndiyo saa mbaya kuliko zote.

Hatua ya 6: Betri ya umeme ukikatika

Unahitaji betri ya volti 12 yenye ampea-saa 18, chaja yake inayoshikilia volti 13.6 hadi 13.8, moduli ya kupandisha volti, rilei ya volti 24 (swichi inayogeuzwa na umeme), na fyuzi ya ampea 3. Vyote vinapatikana kwenye maduka ya spea za elektroniki.

Fanya kazi upande wa adapta, wenye nyaya mbili. Waya kati ya kontrola na pampu una nyaya tatu na umeme wake ni wa aina nyingine, usiukate kabisa.

Funga fyuzi kwenye chanya ya betri, karibu na betri, kisha ingia kwenye moduli. Kabla hujaunga kitu kingine, weka multimita kwenye mdomo wa moduli wa kutolea umeme na uzungushe skrubu mpaka isome 24.0. Koili ya rilei iunge kwenye adapta. Chanya ya adapta iende mguu ulioandikwa NO, chanya ya moduli iende NC, na mguu wa COM uende chanya ya kontrola. Hasi zote ziungane. Umeme ukiwepo koili inavuta na pampu inakula adapta. Ukikatika rilei inalala na pampu inahamia kwenye betri yenyewe.

Jaribu kwa kuchomoa plagi. Pampu itasita kidogo, kisha iwake. Tazama inawaka kwa mwendo gani, maana kontrola nyingine husahau mpangilio na kuanza kwa nguvu zote, na betri yako haitamaliza usiku. Kama yako ni ya hivyo, badilisha kontrola kabla ya kuitegemea. Ikikumbuka wati zake 5 na nusu, nusu ya betri inakupa saa 15 na ushei. Usiishushe chini ya volti 11.8, kwani betri za risasi zinaharibika zikikamuliwa.

Hatua ya 7: Usafi

Kila miezi mitatu toa pampu moja, mwenzake abaki kazini. Changanya siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, iendeshe humo kwenye ndoo kwa nusu saa mpaka ukoko wa chokaa na mwani wa zambarau ulainike. Fungua, vuta rota, sugua shimo lake kwa mswaki laini, suuza kwa maji safi. Shika ekseli na uitikise: ikicheza kwenye bushi, agiza rota mpya sasa hivi, kwa sababu mzigo kutoka Dar unachukua siku zake na pampu inayogonga haingoji.