Linki husomwa kutoka kulia

Ukitumiwa linki kwa SMS au WhatsApp, usiisome kuanzia mwanzo. Tafuta mkwaju (/) wa kwanza baada ya https://, kisha rudi kushoto: vipande viwili (hutenganishwa na nukta) vilivyo karibu nao ndivyo jina la tovuti yenyewe. Kwenye https://benki.co.tz.zawadi.xyz/ingia, unapelekwa zawadi.xyz. Hilo "benki.co.tz" ni pambo tu, maana aliyesajili jina anaweza kubandika chochote mbele yake bila kuomba ruhusa. Jina lililo kabla ya mkwaju huo likiishia na .co.tz au .co.ke, hesabu vipande vitatu. Alama ya kufuli kando ya anwani isikulaghai, hata matapeli huipata bure. Mbinu hii haifui dafu kwa linki zilizofupishwa kama za bit.ly, kwa kuwa jina halisi limefichwa. Hapo andika anwani ya benki kwa mkono wako.