Somo: Namna ya kusoma sumaku ya kale ya Dunia ndani ya mwamba

Ndugu zangu, anzeni na tanuri la matofali. Udongo una chembe za chuma. Moto ukikolea, chembe hizo husahau sumaku yote ziliyokuwa nayo. Moto ukizimika na tofali likapoa, zinaishika upya, zikifuata upande ambao sindano ya dira ingeelekea siku ile. Kwa hiyo kila tofali lililomo tanurini limeandikwa kaskazini ni wapi, wala fundi hakukusudia. Zaha ya volkano hufanya vilevile ikipoa, na maandishi yake yanaweza kudumu miaka bilioni.

Sumaku yenyewe inatoka chini mno. Kuanzia kina cha kilomita 2,900 hivi kuna chuma kilichoyeyuka, kinachozunguka na kuzalisha umeme na sumaku mithili ya dainamo. Uga huo, yaani eneo lote ambamo nguvu ya sumaku hiyo inafika, hutukinga na chembechembe kali zinazotoka kwenye Jua, zile ambazo zingeendelea kuipunguza hewa na maji yetu. Ndiyo maana inafaa kujua ulianza lini, na mwanzoni ulikuwa na nguvu kiasi gani.

Hatua ya 1: Tafuta mwamba ambao haukupikwa tena

Chembe za magnetiti, madini ya chuma yenye sumaku, husahau kila kitu zikifika nyuzijoto 580, na za hematiti, madini mengine ya chuma, kwenye 675 hivi. Miamba mingi ya kale ilizikwa, ikakandamizwa, ikachemka upya, na maandishi yake yakafutika. Iliyosalimika ni michache. Mmoja wa hazina hizo ni Barberton, Afrika Kusini, jirani na mpaka wa Eswatini, yenye miamba iliyozidi miaka bilioni 3.4. Nyingine ni Pilbara huko Australia Magharibi, na Isua huko Greenland.

Hatua ya 2: Choronga, na uweke alama kabla ya kutoa

Tofali likishatoka tanurini likajengewa ukuta, halituambii tena kaskazini ilikuwa wapi. Mwamba nao ni hivyohivyo. Tunatumia mashine ndogo ya kuchoronga yenye biti ya almasi, mwenzako akipampu maji ili biti isiungue. Tope la kijivu linamwagika miguuni, na ndani ya tundu kinabaki kipande cha mviringo chenye kipenyo cha sentimita 2.5, shina lake bado limeshikana na mlima. Hapo ndipo pa kutulia. Chomeka kipimo cha pembe, soma mwinamo na upande, kisha pitisha waya wa shaba kwenye mwanya wa kipimo hicho uchore mstari ubavuni mwa kipande. Baada ya hapo ndipo unakivunja.

Upande usiusome kwa dira peke yake. Mwamba wenye chuma kingi huvuta sindano, hivyo tumia pia dira ya jua: kijiti, kivuli chake, na saa kamili. Kipande kikikatika kabla ya alama, kiache. Nimewahi kuona mtu akikirudisha tunduni kwa kukisia, na vipimo vya siku nzima vikaingia shaka.

Hatua ya 3: Vua mavazi moja moja

Mwamba wa kale umevaa sumaku nyingi: ya leo, ya siku mlima jirani ulipolipuka, ya siku maji moto yalipopita kwenye nyufa. Maabara tunaupasha moto hadi nyuzi 100, tunaupoza mahali palipozuiliwa uga wa Dunia, tunapima. Kisha 150, 200, na kuendelea. Kwa kawaida mavazi ya baadaye huvuka mapema, na kinachobaki karibu na 580 ndicho tunachokitafuta. Kazi hii ni ya siku nyingi na haina njia ya mkato.

Hatua ya 4: Muulize shahidi

Hii ndiyo hatua ninayotaka muishike kuliko zote. Kuikuta sumaku ndani ya mwamba wa kale si kazi. Kila mwamba unayo kidogo. Kazi ni kuthibitisha kwamba sumaku hiyo ina umri wa mwamba wenyewe.

Shahidi huyo ni kokoto. Mwanasayansi John Graham alieleza jaribio lake mwaka 1949. Tafuta mahali ambapo mwamba wako ulivunjika zamani, mto ukazisukuma kokoto zake, zikagandamana kuwa mwamba mwingine. Kokoto zilibingirika, kila moja ikalala kivyake. Pima sumaku ya kila kokoto. Zote zikielekea upande mmoja, basi sumaku iliingia baada ya kugandamana, na ushahidi wako ni wa juzi. Zikitawanyika huku na huku, basi kila kokoto ilikuja na sumaku yake kutoka ilikozaliwa.

Barberton walizipima kokoto za namna hiyo. Vazi la nje, linalovuka kwa moto mdogo, lilielekea upande mmoja. Lile la ndani, linalostahimili moto mkali, lilitawanyika. Kokoto moja, sumaku mbili, na kila moja na umri wake! Nilipoyaelewa matokeo hayo, sikulala mapema.

Hatua ya 5: Pata umri

Tunatumia zirkoni, fuwele ndogo ngumu zinazobeba urani. Nusu ya urani-238 hugeuka madini ya risasi kwa miaka bilioni 4.47, hivyo uwiano wa viwili hivyo ndio saa yetu.

Hatua ya 6: Pima nguvu

Njia ya msingi ni ya wanasayansi Émile na Odette Thellier, waliyoichapisha mwaka 1959. Unapasha kipande moto mara mbili kwa kila hatua: kwanza bila uga, uone kimepoteza kiasi gani, kisha ndani ya uga unaoujua, uone kimepata kiasi gani. Kikipoteza 1 na kupata 2 katika uga wa maikrotesla 40 (maikrotesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), basi uga wa kale ulikuwa 20.

Mwaka 2010 kundi la mwanasayansi John Tarduno lilitoa vipimo vya fuwele za kwatzi za Barberton, zenye chembe za magnetiti ndani: miaka bilioni 3.4 hadi 3.45 iliyopita, uga ulikuwa asilimia 50 hadi 70 ya wa leo. Mwaka 2024 miamba ya chuma ya Isua, ya miaka bilioni 3.7, ikatoa angalau maikrotesla 15. Leo uga ni kati ya 25 na 65 hivi, kutegemea ulipo.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Karatu: Shikamoo mwalimu. Nasikia hata Olduvai imepimwa sumaku. Ni kweli?

Marahaba. Ni kweli, ila huko ni ujana ukilinganisha na Barberton. Mwaka 1906 Bernard Brunhes alikuta Ufaransa zaha yenye sumaku iliyogeuka, kaskazini ikiwa kusini. Baadaye ikajulikana kwamba uga hugeuka mara kwa mara. Mara ya mwisho ni kama miaka 780,000 iliyopita. Mwaka 1963, nchi ikiwa bado Tanganyika, Grommé na Hay walichapisha vipimo vya zaha ya Olduvai: inaelekea kama leo, ilhali umri wake unaangukia katika kipindi kirefu cha mgeuko. Kipindi hicho kifupi ambacho uga ulirudi kuelekea kama leo, kutoka miaka milioni 1.95 hadi 1.78 iliyopita hivi, kinaitwa Olduvai duniani kote.

Mwanafunzi wa Dodoma: Mwamba unaweza kusema ulikuwa wapi duniani?

Latitudo ndiyo, longitudo hapana. Kwenye ikweta sumaku hulala bapa, kwenye ncha husimama wima. Tanjenti ya mwinamo ni mara mbili ya tanjenti ya latitudo: mwinamo wa digrii 49 unakupa latitudo 30.

Mwanachama wa Nairobi: Kuna zirkoni za Jack Hills, Australia, zinazosemwa kuonyesha uga wa miaka bilioni 4.2. Mbona hukuzitaja?

Kwa sababu ubishi haujaisha, dada. Kundi la Tarduno lilitoa dai hilo mwaka 2015. Mwaka 2020 kundi jingine likaonyesha kwamba chembe za chuma ndani ya zirkoni walizochunguza zimo kwenye nyufa na sehemu zilizoharibika, yaani ziliingia baadaye. Zirkoni inaweza kuwa na umri huo na sumaku yake isiwe nao. Mimi nasimama na Barberton, maana pale kokoto zimehojiwa.

Mchorongaji wa Mwanza: Kaka, majabali yetu ya huku yana zaidi ya miaka bilioni 2.5. Naweza kuanza nayo?

Anza, lakini kwa tahadhari. Graniti hupoa polepole, chembe zake za magnetiti huwa kubwa, na chembe kubwa hazitunzi kumbukumbu vizuri. Tafuta pia mishipa myeusi iliyopasua graniti. Hiyo ilipoa haraka. Hatari nyingine ni radi: jabali lililo wazi kileleni likipigwa, sumaku yake hugeuzwa papo hapo. Chukua dira, ipitishe polepole juu ya jabali, karibu kuligusa. Sindano ikiyumba ndani ya shubiri moja, radi imeshapita hapo. Shuka chini, kando ya kijito au kwenye machimbo mapya, ujaribu tena. Ukipata pahali sindano inapotulia, piga picha, andika hali ya mwamba, na utuletee tuangalie kabla hujatoboa.