Kuomba kazi ya ualimu au utafiti Idara ya Kemia, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (Mlimani)

Kabla ya kitu chochote, angalia GPA, yaani wastani wa alama zako za chuo. Nafasi ya mkufunzi msaidizi huhitaji 3.8 ya shahada ya kwanza. Mhadhiri msaidizi huongezewa sharti la 4.0 ya uzamili. Ukiwa na 3.7, mfumo haukuonei huruma.

Jisajili Ajira Portal, tovuti ya serikali ya kuombea kazi, kwa namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa). Hapa ndipo wengi hukwama: jina la cheti cha kidato cha nne halifanani na la NIDA. Tafuta hati ya kubadili jina mapema kwa wakili, usisubiri tangazo. Pakia nakala za vyeti zilizothibitishwa. "Provisional" (matokeo ya muda) na "result slip" (karatasi ya matokeo) hazipokelewi. Shahada ya nje ipitishwe kwanza TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Barua ya maombi itiwe sahihi kwa mkono, kisha iskaniwe.

Kwenye CV, usiandike tu "najua mashine za maabara". Taja mashine, sampuli na ulichopima: mfano, madini ya risasi kwenye mchicha wa bonde la Msimbazi, Dar es Salaam. Andika pia kama uliwahi kuandaa vitendanishi (kemikali) vya mafunzo ya vitendo. Idara hupenda mtu wa kutegemewa maabara.

Miradi ya utafiti huajiri kwa mkataba, mara nyingi kwa tangazo la ubaoni pale idarani. Pita pale mwenyewe.