Namna ya Kuripoti Kilio cha Mwami Pale Mrithi Angali Mtoto

Mwanahabari kijana wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, anapotumwa kwenye kilio cha mwami, yaani chifu wa kimila, iwe Kabare, Ngweshe, Kaziba au Luhwindja, jambo la kwanza analofanya akishuka kwenye pikipiki ni kumtafuta mrithi kwa macho, na mara nyingine mrithi huyo ni mtoto wa shule. Mimi nami, nilipokuwa naanza kazi, nilimtafuta hivyo hivyo. Nilimkuta kwenye kiti cha plastiki kando ya wajomba zake, amevaa koti la mtu mzima lililokunjwa mikono, akikizungusha kifungo kilichobaki na uzi mmoja. Nikainama, nikamsogezea mikro, nikamuuliza anajisikiaje. Kifungo kikang'oka. Akakitazama kwenye kiganja, kisha akanijibu kwa sauti ndogo: "Yaya, uulize mama mukubwa." Tulirusha hewani jibu hilo pamoja na kimya kilichotangulia, na jioni ile ile watu wa Kadutu, hapa mjini, walikuwa wakibishana kama mtoto asiyemlilia baba yake anafaa kutawala.

Kwa hiyo, kabla hujatoka studio, chukua karatasi na uigawe kwa mstari mmoja. Upande wa kwanza andika yale ambayo raia wana haki ya kuyajua: nani amefariki, atazikwa lini, nani anakishika kiti kwa sasa, nani atakayetia saini barua za ardhi, na serikali imefikia wapi katika kumtambua mrithi kufuatana na sheria ya tarehe 25 Agosti 2015 inayohusu hadhi ya machifu wa kimila. Upande wa pili andika yale ambayo utatamani kuyajua tu: kama mtoto alilia, kama amekula, analala kwa nani, alinong'ona nini mbele ya jeneza. Maswali ya upande wa kwanza wapelekee wazee wa baraza na mwamikazi, kwa kuwa katika Bushi, yaani nchi ya Washi, mama wa mwami mdogo ndiye ambaye kwa desturi hukishika kiti mpaka mwanawe akomae. Ya upande wa pili usimpelekee mtu yeyote. Ng'ambo ya milima ya Ruwenzori, katika ufalme wa Toro nchini Uganda, Oyo Nyimba alirithi kiti cha baba yake mwaka 1995 akiwa na umri wa miaka mitatu. Ufalme ulisimamiwa na watu wazima, na mwandishi aliyetaka habari za ufalme hakuwa na sababu ya kumsumbua mtoto.

Uso wa mtoto usiusome kana kwamba ni hati. Andika kilichoonekana, yaani alivaa nini, alitembea na nani, alikaa wapi, na uache kabisa maneno kama "alijikaza kiume" au "hakuonyesha huzuni", kwa sababu maneno hayo humganda mtu. Wazee wetu walimwita Baudouin, mfalme wa Ubelgiji, "Bwana Kitoko", yaani bwana mzuri, alipozuru Kongo mwaka 1955, lakini kwao Ubelgiji magazeti yalikuwa yakimwita mfalme mwenye huzuni. Mama yake, Malkia Astrid, alikufa tarehe 29 Agosti 1935 huko Küssnacht, Uswisi, katika gari lililoendeshwa na mumewe, Leopold III, wakati Baudouin hajatimiza miaka mitano. Ni nani awezaye kusema, kwa kuangalia picha tu, kwamba uso ule ulikuwa wa yatima, wa mtawala aliyelemewa, au wa mtu mwenye haya basi?

Jambo linalohitaji uangalifu mkubwa zaidi ni kipindi cha simu za wasikilizaji. Diana alipofariki Paris tarehe 31 Agosti 1997, Malkia Elizabeth wa Uingereza alibaki Balmoral, Uskoti, pamoja na wajukuu wake wawili, William na Harry, wana wa Diana, mbali na kamera. Huko London watu na magazeti walianza kulalamika: mbona bendera haipepei nusu mlingoti, mbona familia haionekani? Tarehe 5 Septemba malkia alihutubia taifa, na siku hiyo hiyo wavulana wakapelekwa Kensington kuyatazama maua na kusalimiana na watu. Harry alieleza baadaye kwamba mikono aliyoishika ilikuwa na maji, na kwamba maji hayo yalikuwa machozi ya wale watu. Kesho yake yeye, mwenye miaka 12, na William, mwenye miaka 15, walitembea nyuma ya jeneza la mama yao barabarani. Miaka ishirini ilipopita Harry alisema kwamba mtoto yeyote asiombwe kufanya jambo kama lile.

Msikilizaji wa Bagira, hapa Bukavu, akipiga simu na kuuliza kwa nini mtoto wa mwami hajaonekana, anafanya vile vile walivyofanya watu wa London, na mtangazaji akiirudia hoja yake anaipa nguvu. Mjibu kwa ufupi: mtoto yuko nyumbani na mama yake, na msemaji wa familia atazungumza siku fulani. Kisha uende kwenye simu nyingine.

Kuhusu picha, simama nyuma ya msafara, upige picha za ngoma, jeneza na umati. Sheria yetu ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inamhesabu kuwa mtoto kila asiyetimiza miaka 18, na Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 16, unayakinga maisha yake ya faragha. Kuwa mwana wa mwami hakumwondoi humo. Picha zinazotumwa kwa WhatsApp kutoka ndani ya nyumba zifute. Jihadhari hasa na mjomba anayemsukuma mtoto mbele ya kamera huku akikuandalia kupaji, yaani pesa za kumpoza mwandishi, kwenye bahasha, maana pale ambapo kiti kinagombaniwa, picha ya nani alimshika mtoto mkono ni ushahidi, na wewe utakuwa umeutengeneza. (Najua mishahara yetu ilivyo. Bahasha hiyo irudishe hata hivyo.)

Usimfuate shuleni. Rudi baada ya mwezi mmoja hivi, bila kamera, umwone mwamikazi au mlezi, umuulize ni mambo gani familia haitaki yaulizwe hewani. Andika jibu lake kwa herufi kubwa na ulibandike kwenye mlango wa studio, upande wa ndani, ili mtangazaji wa zamu ya jioni alione kabla hajafungua laini za simu.