Keekee ya Trekta: Namna ya Kuchimba Mashimo ya Nguzo za Ua Shambani

Shamba la malisho la ekari 50, likiwa na umbo la mraba, lina mzunguko wa takriban mita 1,800, na nguzo zikisimamishwa kila baada ya mita tatu, mwenye shamba anahitaji mashimo 600 kabla hajafungua hata roli moja ya seng'enge. Huku kwetu Uganda, kati ya Luweero na Nakasongola, mashimo hayo yamekuwa yakichimbwa kwa mtaimbo na kopo la kuzolea udongo, kazi inayowavunja vijana mgongo na kumvunja moyo anayewalipa. Keekee inayofungwa nyuma ya trekta humaliza shimo moja kwa dakika chache udongo ukiwa mzuri. Tatizo ni kwamba anayeikodi mara nyingi haambiwi lolote zaidi ya "funga, washa, shusha", na maneno hayo matatu yametosha kuvunja giaboksi nyingi na, mara nyingine, mikono ya watu.

Kwanza ni vizuri kuielewa mashine yenyewe. Ina mkono mrefu wa chuma unaoshikwa na mikono mitatu ya nyuma ya trekta, na mwisho wa mkono huo inaning'inia giaboksi, na chini ya giaboksi ipo keekee yenye mapanga yaliyojizungusha kama parafujo, meno ya kukatia udongo na ncha ya kuongoza. Nguvu hutoka kwenye shafti ya PTO, yaani ile inayotoa nguvu ya injini nyuma ya trekta na kuipeleka kwenye mashine, inayozunguka mara 540 kwa dakika injini ikifikia kasi iliyowekwa na mtengenezaji, na giaboksi hupunguza mzunguko huo, kwa mashine nyingi takriban mara tatu, ili keekee izunguke polepole lakini kwa nguvu kubwa. Jambo ambalo wengi hawalitambui ni kwamba haidroli ya trekta za kawaida, yaani nguvu ya mafuta inayonyanyua mikono ya nyuma, huinua tu, haisukumi chini. Keekee hushuka kwa uzito wake na kwa jinsi ncha yake inavyouma udongo, basi. Ukilielewa hilo utaelewa pia kwa nini udongo ukiwa mgumu watu hushawishika kumwambia kijana apande juu ya mkono wa chuma ili aongeze uzito. Usikubali hata mara moja. Akiteleza ataangukia shafti inayozunguka au keekee yenyewe, na dereva hatakuwa na muda wa kufanya chochote.

Kabla trekta haijafika, tembea mstari wote wa ua kwa miguu. Kama ua unapita mpakani, waite majirani na mwenyekiti wa LC I, yaani baraza la kijiji, washuhudie mahali kamba inapovutwa, kwa sababu ugomvi wa mpaka ukianza baada ya nguzo kusimama hugharimu zaidi ya kukodi mashine. Mawe ya wapima ardhi hayaguswi, na ule mmea ambao Waganda huuita luwanyi, uliopandwa na wazee kuonyesha mpaka, usiung'oe kwa sababu tu unazuia trekta kupita. Uliza pia kuhusu makaburi. Katika vibanja vingi wamezikwa watu ambao makaburi yao hayana saruji wala msalaba wala jiwe, na ni bibi mmoja tu mwenye umri mkubwa anayekumbuka yalipo. Mabomba ya maji yaliyowekwa na familia yenyewe kutoka kisimani mara nyingi hayamo kwenye ramani yoyote na hayako chini sana, kwa hiyo muulize aliyeyafukia. Juu nako kuna waya za umeme, na mkono wa keekee ukiinuliwa hufika juu kuliko dereva anavyofikiri, hivyo chini ya waya usichimbe kwa mashine, mashimo hayo machache yaachie mtaimbo.

Majira yana uzito kuliko ukubwa wa trekta. Mvua zetu kubwa huja mara mbili, kuanzia Machi hadi Mei na tena kuanzia Septemba hadi Novemba, na wakati mzuri wa kuchimba ni pale mvua ikishanyesha kwa majuma mawili matatu, udongo ukiwa umelainika bila kuwa tope. Mwezi wa Januari udongo mwekundu wenye changarawe huwa mgumu kama tofali, na keekee husaga vumbi tu bila kushuka. Ukilazimika kuchimba kiangazi, anza kila shimo kwa kina cha kiganja kimoja jioni, mimina nusu jerikeni ya maji, uyaache yanywewe usiku kucha, kisha rudi asubuhi. Ni kazi ya ziada na maji yenyewe huwa haba msimu huo, lakini tofauti utaiona kwenye shimo la kwanza.

Kufunga mashine kunahitaji subira. Pini za mikono ya chini ya trekta ndogo huwa na kipenyo cha milimita 22, na za trekta kubwa zaidi milimita 28. Usifunge pini nyembamba kwenye tundu pana bila bushi yake, kwa kuwa mkono utacheza na hatimaye pini itachomoka. Kaza minyororo ya pembeni ili mashine isiyumbe kulia na kushoto. Baada ya hapo angalia urefu wa shafti. Shafti ya PTO ni mabomba mawili yanayoingiana, na keekee zinazohamishwa kutoka trekta moja hadi nyingine mara nyingi huja na shafti isiyolingana. Injini ikinguruma polepole na PTO ikiwa haijaunganishwa, inua na ushushe mashine taratibu, huku mkono wa juu ukiufuata kwa macho: mahali shafti inapokuwa fupi kabisa lazima ibaki nafasi ya sentimita chache ili isigonge mwisho na kuvunja beringi za trekta, na mahali inapokuwa ndefu kabisa mabomba hayo lazima yawe bado yameingiana angalau theluthi ya urefu wake. Ikiwa ndefu mno hukatwa na fundi, pande zote mbili kwa kipimo kimoja, pamoja na kinga yake ya plastiki.

Halafu kuna bolti ya kukatika. Mahali shafti inapoungana na giaboksi, au giaboksi inapoungana na keekee, pana bolti moja laini iliyowekwa makusudi ili keekee ikikwama kwenye jiwe, ikatike yenyewe na kuokoa kila kitu kingine. Huuzwa kwa bei ya soda, na ndiyo maana watu huidharau. Msimu wangu wa kwanza bolti zilikatika nne kabla ya saa sita mchana, na mimi kwa hasira nikaweka bolti ngumu niliyoitoa kwenye jembe la trekta. Haikukatika. Kilichokatika ni mhimili wa ndani ya giaboksi, na kazi ikasimama kwa majuma matatu. Tangu siku hiyo hubeba bolti laini kumi mfukoni, za ugumu uleule ulioandikwa na mtengenezaji, na zikianza kukatika mfululizo huzichukua kama taarifa kwamba nachimba vibaya, si kwamba bolti ni mbovu.

Mavazi ni sehemu ya kazi hii. Shafti inayozunguka mara 540 kwa dakika huzunguka mara tisa kila sekunde, na kama unene wake ni sentimita nne hivi, huvuta zaidi ya mita moja ya kitambaa katika sekunde hiyo moja. Kanzu, kikoi, leso, mkanda wa gomesi, hata kamba ya kofia iliyolegea, vyote hubaki nyumbani. Vaa ovaroli iliyobana na buti. Kinga ya shafti ikiwa imepasuka, kazi isianze. Watoto, ambao hupenda trekta kuliko kitu kingine chochote kijijini, wakae mbali, na msaidizi mmoja atakayeonyesha alama asimame mbele upande ambapo dereva anamwona, angalau mita tano kutoka kwenye keekee. Hakuna anayeishika keekee kwa mkono kuilenga, hata kama inazunguka polepole.

Sasa tuchimbe. Weka alama ya kila shimo kwa kijiti au kwa majivu, kisha rudisha trekta nyuma mpaka ncha iwe juu ya alama. Vuta breki ya mkono, weka gia huru, na tumia wenzo wa haidroli unaoshikilia kimo, si ule wa kulimia. Shusha ncha iguse udongo kwanza, ndipo uunganishe PTO injini ikiwa inanguruma kwa sauti ya chini, kidogo tu juu ya kasi ya kusimama. Kasi ndogo ndiyo siri yote ya keekee. Ikizunguka haraka hurusha udongo na mawe, ncha hutangatanga, na ikikwama hukwama kwa nguvu isiyozuilika. Shusha sentimita 15 hadi 20, inua mpaka mapanga yatoke nje, acha udongo uanguke pembeni, shusha tena. Utaona udongo unavyobadilika rangi, mweusi wa juu, kisha mwekundu, kisha ule wenye vijiwe, na sauti ya injini nayo hubadilika, na dereva mzuri huanza kuinua kwa kusikia kabla hajaona.

Mkono wa keekee hushuka kwa kuzunguka kwenye kiungio chake, kwa hiyo ncha haishuki wima kabisa bali hufuata upinde mdogo, na shimo refu hutoka likiwa na umbo la yai. Ikiwa unataka shimo lililonyooka, inua keekee, sogeza trekta sentimita chache mbele au nyuma kadiri upinde ulivyovuta, kisha endelea. Usisogeze trekta hata kidogo keekee ikiwa ndani ya shimo. Penye mteremko elekeza trekta kupanda au kushuka, si kukingama.

Kosa ambalo kila mgeni hulifanya ni kuishusha keekee yote kwa mkupuo mmoja. Nakumbuka bonde moja lenye udongo wa mfinyanzi, mvua ikiwa imenyesha usiku, dereva wetu aliachia wenzo na keekee ikajizamisha kama skrubu kwenye ubao hadi giaboksi ikakaribia majani. Trekta ikachuchumaa nyuma, injini ikazima. Akajaribu kuinua kwa haidroli, na magurudumu ya mbele yakaanza kunyanyuka, nikamzuia. Njia iliyo salama ni moja: zima injini, toa ufunguo, chomoa shafti kutoka kwenye trekta, kisha geuza keekee kinyume kwa spana kubwa ya bomba, robo mzunguko kwa robo mzunguko, mpaka ijitoe yenyewe. Tulianza saa saba na tukamaliza adhana ya alasiri ikisikika. Shimo hilo lilikuwa zuri sana, lakini hakuna aliyelisifu.

Ukigonga jiwe, usikae pale ukisaga. Inua, zima, chungulia. Jiwe dogo hung'olewa kwa mtaimbo. Mwamba wa maramu, yaani changarawe nyekundu, uliogandamana huhitaji meno ya chuma kigumu zaidi au kusogeza nguzo nusu mita, na kusogeza ni rahisi kuliko kubishana. Mizizi hukatwa kwa panga, nje ya shimo iwezekanapo, mashine ikiwa imezimwa. Kwenye kichuguu cha mchwa keekee hupita vizuri, ila nguzo haitadumu.

Kuhusu vipimo, nguzo ya mkaratusi yenye unene wa sentimita 10 hadi 12 huingia vizuri kwenye shimo la keekee ya inchi tisa, kwani hubaki nafasi ya kushindilia udongo pande zote. Nguzo za kati za mita 2.4 zikizikwa sentimita 60 hutosha. Za pembeni na za lango zizikwe 90 au zaidi, na ziwekewe mihimili ya kuzitegemeza, maana ndizo zinazobeba mvuto wote wa waya. Rudisha udongo kwa tabaka za sentimita 15, ukishindilia kila tabaka kwa kitako cha mtaimbo na kuangalia unyoofu kwa timazi. Shimo likitoka pana kuliko ulivyotaka, ongeza kokoto.

Jioni paka grisi kwenye viungio vya shafti, angalia oili ya giaboksi, na kagua ncha na meno, kwa sababu ncha iliyochakaa ndiyo hufanya keekee icheze pembeni kesho yake. Kuifungua mashine kutoka kwenye trekta ni hatari kuliko kuifunga, kwa kuwa uzito wake uko juu na huanguka upande usioutarajia. Iwekee stendi yake, au ifanye kama sisi tunavyofanya, kuitundika kwa mnyororo kwenye tawi nene la mwembe mpaka siku ya pili. Na usichimbe mashimo mengi kuliko nguzo utakazosimamisha kabla ya giza. Yatakayobaki yafunikwe kwa mbao au magogo, si kwa matawi, kwani ndama hukanyaga matawi bila kusita, na shimo la inchi tisa linatosha kabisa kuuvunja mguu wake.