Lupu ya K9AY haipunguzi kelele bendi ya mita 160? Angalia kwanza antena yako ya kurushia

Wakuu, umefunga inverted L yako (antena ya waya unaopanda wima kisha kulala) ya bendi ya redio ya ridhaa ya mita 160, kelele zikazidi ukaongeza lupu ya kupokelea ya K9AY (ile aliyoitoa Gary Breed mwaka 1997, K9AY ni alama yake ya redio), unageuza swichi huku na huku na kelele iko palepale. Usiifumue lupu. Mara nyingi haina kosa lolote, anayeiharibia ni ule waya wa inverted L, wenye urefu wa mita 40, unaoning'inia jirani yake. Urefu huo ni robo ya wimbi la bendi hiyo, kwa hiyo unadaka kelele za nguzo za umeme na chaja za mtaa mzima toka kila upande halafu unazirusha upya, na lupu inazisikia kama zinatoka hapo uani. K9AY yenyewe inaleta mawimbi madogo sana, faida yake yote ni kwamba upande mmoja ni kiziwi, ukiziwi ukipotea huna kitu.

Pima kwanza. Chomoa maiki kabisa usije ukarusha kwa bahati mbaya, ielekeze lupu ili kelele iwe upande wa kiziwi, halafu mwenzako aende chini ya inverted L achomoe waya pale unapoungana na kebo. Mita ya redio ikishuka, ushampata mchawi.

Ushauri wa vitabuni ni kuziachanisha antena hizo mbili nusu ya wimbi, na kwa 1.83 MHz hiyo ni kama mita 82, nani ana uwanja huo? Kwenye kiwanja cha 20 kwa 20 weka lupu kona ya mbali kadiri unavyoweza na mengine yafanywe na rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme).

Rilei inakaa chini ya antena, kwenye ule waya wenyewe, ukipokea inaachia waya unabaki hewani haujashika popote na ukirusha inafunga. Waya wa robo wimbi ukiachwa wazi hivyo hauko tena kwenye masafa yako na hauna cha kukurushia. Na hapa naomba unisikilize vizuri maana ndipo watu wanapokosea: usikatie upande wa redio. Kebo ya kawaida ya koaksi yenye plastiki ngumu ndani na urefu wa mita 27 hivi ni robo ya wimbi kwa umeme wake, ukiiacha wazi upande wa redio basi kule chini ya antena inaonekana kama imeshotishwa na ethi (ardhi), yaani umeifanya antena idake vizuri zaidi!

Kwa wati 100 mkondo pale chini ni kama ampia 1.7, rilei ya ampia 10 inatosha, ila lazima ifunge kabla redio haijatoa nguvu, kwa hiyo weka kuchelewa kidogo kwenye menyu ya redio. Weka pia rizista ya kilo-omu 100 kutoka kwenye waya kwenda ethi, maana masika waya usioshika popote unajaza chaji. (Radi ikianza kunguruma chomoa kila kitu.)

Dipoli (antena ya waya yenye mikono miwili) ya bendi ya mita 80 nayo, kama unayo, usiisahau, kebo yake inayoshuka wima inafanya kazi kama antena. Zungushia kebo kwenye pete ya feraiti aina ya 31 (inazuia kelele zinazopita nje ya kebo), mizunguko 10 hivi, karibu na ardhi. Kebo ya lupu ifanyie hivyohivyo.

Mwisho ni kuilinda redio. Ukirusha wati 100 na antena zikawa zimetengana kwa desibeli 20 tu (yaani sehemu moja ya mia ya nguvu inavuka), wati 1 nzima inaingia kwenye tundu la kupokelea. Zikitengana 40 ni miliwati 10. Mimi naweka rilei ya pili inayoshotisha kebo ya lupu kila ninaporusha. Daiodi mbili zilizofungwa zikitazamana kinyume kwenye tundu hilo zinalinda pia, ila stesheni kubwa ya AM ikiwa karibu zinachanganya mawimbi na utaanza kusikia muziki kwenye 1.83.