Ndege ya RV iliyozama maji ya bahari: fungua mabawa kabla ya kununua redio

Mwongozo huu ni wa ndege za bati za kujitengenezea, hasa RV-6 na RV-7 za kampuni ya Van's, zilizolowa maji ya chumvi kama yale ambayo kimbunga Helene kiliyasukuma hadi pwani ya Florida Septemba 2024. Ndege za povu na fiberi zina kazi yake tofauti.

1. Betri. Usiwashe swichi yoyote "kujaribu tu". Chomoa waya wa hasi kwanza. Betri ya lithiamu iliyoingia chumvi itoe nje kabisa. Inaweza kuwaka moto hata siku kadhaa baadaye.

2. Kuosha. Maji ya bomba, mengi, na sabuni laini, kabla chumvi haijakauka. Mashine ya kuoshea magari usiiguse: presha yake inasukuma chumvi ndani ya maungio. Zibua vitundu vya kutolea maji vilivyo tumboni mwa ndege.

3. Injini. Usizungushe propela. Maji hayabanwi, yakiwa juu ya pistoni, konrodi (mkono unaounga pistoni na krenki) ndiyo itakayopinda. Chomoa waya za plagi, toa plagi zote, mwaga oili na maji, ndipo uzungushe polepole kwa mkono. Nyunyizia oili kila silinda, kisha peleka injini ikafumuliwe yote. Kwenye injini za Lycoming kamshafti (shafti inayofungua vali) iko juu ya krenki, oili huikaukia mapema, na kutu ikishaitoboa haitengenezeki kwa kubadilisha oili.

4. Boriti kuu ya bawa. Hapa ndipo wengi wanapakwepa kwa sababu kwa nje panang'aa. Boriti ni vipande vya alumini vilivyopigwa ribiti (misumari ya kuunganishia bati) pamoja, na shina lake limechomekwa katikati ya kiwiliwili, limebanwa kwa bolti za chuma. Chuma, alumini na chumvi vikikaa pamoja, alumini ndiyo inayoliwa. Kamera ya mrija haioni kati ya bati mbili zilizogusana, kwa hiyo toa mabawa, hata kama maji yaliishia tumboni.

Mwaga mafuta, weka kila bawa kwenye vigoda, kisha inua ncha yake kidogo kidogo mpaka mzigo utoke kwenye bolti. Bolti ikikataa, tatizo ni mzigo, si nyundo. Acha nati kwenye ncha ya uzi wa bolti na usukume kwa kipande cha shaba. Usiizungushe bolti tunduni, itakwangua tundu, na tundu hilo halipanuliwi kwa drili. Bolti iliyopoteza kadimiamu (utando wa kuzuia kutu) itupe. Mpya iwe ya namba ileile ya NAS (namba ya kiwango cha bolti za ndege).

Unga mweupe unaofutika kwa pedi ya nailoni si msiba. Usitumie brashi ya waya: vipande vya chuma hubaki kwenye alumini na kuanza kutu upya. Ila kama bati limeachana tabaka kama chapati, au ribiti zimezungukwa na uvimbe, simamisha kazi na upeleke picha na vipimo kwa Van's. Palipo safi paka alodini (dawa ya kukinga alumini), kisha praima ya epoksi.

5. Waya na vifaa. Kilichozama, badilisha. Waya kata hadi shaba inayong'aa. Ikiwa nyeusi, endelea kukata.

6. ACF-50, mafuta ya kuzuia kutu. Ipulize mwisho, baada ya rangi, maana praima haishiki juu yake. Itachuruzika kwenye ribiti kwa wiki kadhaa, futa tu.